Chai Niliyokula Mbele ya Mashahidi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa maneno machache.

Mimi ni Nilar. Baba yangu, U Than Pe, alikuwa akiuza chai ya kula, yale majani yaliyovundikwa, katika soko kubwa la Mandalay. Alipofariki, baba mkubwa alikuja na nyaraka zake akanitoa dukani siku ya saba ya msiba, watawa hawajamaliza hata kula. Nilibaki na mama, mkeka, na mizani iliyopinda mkono.

Hapo ndipo mama alipofungua sanduku lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba yako aliacha bustani ya chai milimani, juu ya Kalaw," akaniambia. "Baba yako mkubwa hana habari nayo. Nenda kaitazame. Ukifika Kalaw, mtafute binti mmoja anayetembeza wageni, anaitwa Lway Kham. Ni mwaminifu huyo."

Nilimsujudia mama kama siku ya mwaka mpya. Nikapanda basi.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

Lway Kham nilimkuta mkahawani, mkabala na soko la Kalaw, anachovya andazi refu kwenye chai ya maziwa. Alikuwa mfupi, ana miguu ya mtu aliyezaliwa kwenye mteremko, na kiunoni amevaa zile pete nyeusi za mwanzi wanazovaa wanawake wa Kipalaung, watu wa milima ile. Kila akijigeuza zinalia.

"Wewe ndiye Lway Kham?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni polisi, mimi ni dada yake."

"Nataka mtu wa kunitembeza. Nataka kuijua chai, na mila za huku juu."

"Chai ya kunywa au ya kula?"

"Zote mbili."

"Na mila? Za kupigia picha, au zenyewe?"

"Zenyewe."

Akanitazama juu hadi chini, macho yakasimama kwenye viatu vyangu.

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu. Nakusanya habari za mila."

Nilimdanganya bila kupepesa. Sikutaka habari zipande mlimani kabla yangu kwamba binti wa U Than Pe anakuja kuchukua bustani yake. Kwa hiyo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeanza. Nasema haya mapema ili mtakapoanza kumlaani Lway Kham, mniwekee na mimi sehemu yangu.

Akapaliwa na chai, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Haya, mwalimu," akasema akijifuta. "Kesho alfajiri. Viatu hivyo viache hapa, vitakuaibisha."

Tulipanda kwa saa nne. Njiani alinifundisha kuchuma: majani mawili machanga na chipukizi, basi, usishuke chini zaidi. Wanawake tuliowakuta bustanini waliacha vikapu vyao kuja kunitazama.

"Mwalimu," Lway akaniambia, "unachuma kama unanyoa maiti. Mti uko hai huo. Vunja, usivute."

Wanawake wakacheka. Hata kabla hajatafsiri, nilijua wananicheka mimi.

Nilimpenda siku ile ile. Sina aibu kusema hivyo. Tangu baba afe, sikuwa nimechekwa na mtu anayenitakia mema.

Mchana tulipita mahali pa ajabu. Bustani zote za chai zilikuwa zimekatwa usawa wa kiuno, lakini pale miti ya chai ilikuwa imeachwa mpaka imezidi paa la nyumba. Imesongamana, imevaa kuvu, maua meupe juu kabisa ambako hakuna mkono unaofika.

"Mbona hii imetelekezwa?" nikauliza.

"Ina kesi."

"Kesi ya nini?"

"Bustani yenye kesi haichumwi na mtu yeyote mpaka kesi iishe, mashahidi wainuke mkekani. Ndiyo mila yetu. Andika, mwalimu. Si unakusanya?"

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu, nikaandika.

Tulipumzika kwenye kibanda wanachopikia majani kwa mvuke. Moto ulikuwa chini ya pipa, na Lway alikuwa amekaa mbele ya mkeka wa mwanzi akiyasokota majani ya moto kwa viganja, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alinipa fungu langu nisokote. Harufu ile ilinirudishia baba mzima mzima. Nikaanza kulia.

"Moshi?" akauliza.

"Si moshi. Lway, mimi si mwalimu."

Hakuacha kusokota.

"Mimi ni mtoto wa U Than Pe wa Mandalay. Nimekuja kuitafuta bustani ya baba. Duka limechukuliwa. Sina kitu kingine duniani."

"Kumbe."

"Umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Kila mtu anayepanda huku ana sababu yake." Akayatandaza majani, akayakusanya tena. "Bustani ya U Than Pe naijua. Na wenye kuiangalia nawajua pia."

"Kuna watu wanaiangalia?"

"Kila siku ya Mungu. Kesho nitakupeleka kwao. Watakukaribisha."

Nilimkumbatia, pete zake zikanibana mbavu. Yeye hakunikumbatia. Nilidhani ni kwa sababu mikono yake ilikuwa na utomvu.

Asubuhi alinipeleka kwenye nyumba ya Bibi Mun. Nyumba ya mbao juu ya nguzo, safi, haina kitu ndani ila meko, mikeka na picha ya mwanamume mmoja mwembamba ukutani. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo kama mtoto wa shule. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, weusi ambao hautoki hata kwa mchanga.

Hakuwa peke yake. Wazee watano walikuwa wameketi kando ya ukuta, na kiongozi wao, Mzee Kam Tun, amevaa kilemba kama cha sikukuu.

"Watu wote hawa wa nini?" nikamnong'oneza Lway.

"Mgeni wa Mandalay haji kila siku."

Mzee Kam Tun akaongea kwa lugha yao, kirefu, kwa sauti ya mtu anayesoma. Lway akatafsiri:

"Anasema karibu. Anasema wanamkumbuka baba yako."

Bibi Mun akaongea. Maneno machache.

"Anasema amekungojea muda mrefu."

Nikaguswa. Nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Kisha sinia ikaletwa. Sinia nyekundu, na katikati chai ya kula, imevundikwa vizuri, kijani kibichi kilichoiva. Lakini hakukuwa na karanga, wala ufuta, wala vitunguu saumu vya kukaanga. Chai tupu na chumvi.

Mimi ni mtoto wa muuza chai. Najua mgeni hapewi chai tupu. Nilimgeukia Lway.

"Chai hii ni ya nini?"

"Ya mgeni."

"Mbona haina vikolezo?"

"Huku milimani ndivyo tunavyoheshimu. Kula, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. Nikala.

Bibi Mun akachota kwa vidole vitatu, akala. Akaniashiria. Nikachota, nikala. Mara tatu yeye, mara tatu mimi. Wazee hawakugusa. Walitutazama midomo kama watu wanaohesabu mapigo ya kengele. Nilipomeza mara ya tatu, Bibi Mun alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi akalia kwa sauti. Wazee wakashusha pumzi wote pamoja. Mmoja akacheka. Mwingine akamimina chai ya kunywa, na ghafla nyumba ikawa kama ya harusi.

"Amefurahi," Lway akaniambia. Hakunitazama.

Nilitoka nje kupunga hewa. Chini ya nyumba, Khun Awng, mfanyabiashara wa Kipa-o anayenunua chai vijijini, alikuwa anafunga magunia kwenye pikipiki yake. Kiburma chake kilinyooka kuliko changu.

"Hongera, dada!" akanipigia kelele. "Miaka kumi na tisa! Leo mtu ametuliza roho za watu."

"Hongera ya nini?"

"Ya kumaliza kesi. Baba yako aligoma kula mpaka kifo. Wewe umekula. Una moyo."

"Kesi gani?"

Akaacha kamba. Akanitazama, akaitazama ngazi ya nyumba, kisha akaendelea kufunga haraka haraka kama mtu aliyeona mvua.

"Mimi ni mnunuzi tu," akasema. "Muulize aliyekuleta."

Mandalay tunajua mambo haya, msidhani hatujui. Babu zetu walipotoka barazani kwa hakimu, wenye kesi walikula chai pamoja mbele ya mashahidi, na aliyekula amekubali hukumu, hana neno tena. Nilikuwa nimesikia hadithi hizo tangu utotoni. Nilidhani zimekufa na hao babu zetu.

Nilimkuta Lway nyuma ya nyumba, amechuchumaa, amenipa mgongo.

"Nimekula nini?" nikamuuliza.

Akasimama.

"Lway, nimekula nini mle ndani?"

"Umekula kesi."

"Mzee alisema nini? Maneno yake yenyewe."

"Alisema: binti wa U Than Pe amekuja kuirudisha bustani ya Aik Nyan, marehemu mume wa Bibi Mun, aliyomwachia U Than Pe amtunzie, naye U Than Pe akadai amepewa. Akauliza kama umekuja kwa hiari."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nikamjibu ndiyo."

Nilimzaba kofi. Pete za kiunoni zikalia kama sahani zimeanguka. Hakujikinga.

"Nilikulilia jana!" nikamwambia. "Nilikueleza siri yangu!"

"Siri gani, dada? Nilijua wewe ni nani kabla hujashuka kwenye basi. Uliposema ni mwalimu nusura chai initoke puani."

"Nani alikwambia?"

Akazishika pete zake za kiunoni zisilie.

"Lway, nani?"

"Mama yako alinipigia simu. Mara tatu. Mara ya kwanza alilia tu. Mara ya pili alilia tena. Mara ya tatu akaniuliza kama nitaweza."

Nilikaa chini palepale kwenye matope ya kuku.

"Bibi Mun ndiye aliyenilea," Lway akaendelea. "Kila asubuhi anapita kwenye bustani yake, ile uliyoiona jana, kwenda kuchuma chai za watu kwa kibarua. Mikono yake si umeiona? Kwake mwenyewe hana ruhusa ya kuvunja hata jani moja, kwa sababu ya baba yako. Ningefanyaje? Ningekuomba? Alikwishaomba yeye. Alishuka mpaka Mandalay, akakaa kwenye kizingiti cha duka lenu siku mbili. Msichana mmoja akamletea bilauri ya maji, akamwambia baba amesafiri."



Wasomaji wangu, nimeahidi kuwaambia yote. Yule msichana ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba alikuwa nyuma ya pazia, anakula tikiti maji. Nilipeleka maji, nikasema uongo wangu, nikarudi, na baba akanikatia kipande cha katikati kisicho na mbegu.

"Kaa hapa," nikamwambia Lway. Nikapanda mbio kwenye kilima kilicho juu ya kijiji, mahali pekee simu inaposhika.

Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Umekula?" akauliza.

Kila mama katika nchi yetu hufungua maneno hivyo. Umekula? Ndiyo salamu yetu. Lakini sauti yake haikuwa ya salamu.

"Nimekula nini, Mama?"



"Chai," akasema.

"Wewe ndiye uliyenipa karatasi. Wewe ndiye uliyenipa jina la Lway. Umenituma kama mbuzi aliyefungwa kamba!"

"Ningekwambia ungekataa."

"Hukunijaribu!"

"Nilikujaribu miaka mitatu iliyopita. Nilisema, tuwarudishie watu wa milimani kilicho chao. Ulinijibu nini? Ulisema, Mama, sisi si watu wa kugawa. Sauti ilikuwa ya baba yako kabisa, Nilar. Niliogopa."

"Nimebaki sina kitu."

"Umebaki huna deni la roho. Mwanangu, mimi ni mgonjwa. Sitaki kwenda na jambo hili. Acha. Njoo nyumbani. Karatasi ichome hukohuko, usimwonyeshe mtu. Umenisikia? Usimwonyeshe mtu."

Nikakata simu.

Nilikuwa sioni njia kwa hasira. Baba alinidanganya, mama amenidanganya, na binti niliyempenda kama mdogo wangu ameniuza mbele ya wazee watano kwa kuniita dada. Na katikati ya hasira ile nikakumbuka neno moja la Lway la siku ya kwanza, tukiwa njiani, alipokuwa ananipa mila zake: kesi inafungwa mashahidi wanapoinuka mkekani. Si kabla.

Wazee walikuwa bado wanakunywa chai.

Nilishuka kilima kile nikianguka na kuinuka. Nilipoingia, Mzee Kam Tun alikuwa ameweka kiganja kwenye sakafu, anataka kusimama.

"Kaa!" nikapiga kelele.

Hawakuhitaji tafsiri. Akakaa.

"Lway! Njoo hapa. Safari hii utatafsiri kila neno. Ukipunguza hata moja nitajua."

Hakukuwa na namna yoyote ambayo ningejua. Yeye alijua hivyo, na mimi nilijua hivyo. Akaja, akapiga magoti katikati yetu, shavu lina alama za vidole vyangu.

"Waambie nilidanganywa. Waambie sikujua ninakula nini. Waambie mkalimani aliwadanganya na wao."

Lway akavuta pumzi, akaongea. Sentensi tatu. Nilizihesabu.

Mzee mmoja akaguna kama amechomwa mwiba. Bibi Mun akamtazama Lway, akauliza neno moja. Lway akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kuzivua pete zake za kiunoni, moja moja, akaziweka mbele ya Mzee Kam Tun. 

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Anayepindua maneno mbele ya chai hakai kijijini. Nimewaambia ukweli, dada. Ulitaka kila neno."

Nilitakiwa kunyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, angechukua mfuko wake na kuondoka, bustani ni yake, kesi iko pale pale ilipokuwa. Lakini nilikuwa nimebeba hasira ya watu watatu.

"Na waambie hivi pia," nikasema. "Baba yangu hakuiba. Aik Nyan alimpa bustani kwa hiari yake. Nina ushahidi."

Nikafungua mfuko, nikatoa karatasi, nikaikunjua juu ya mkeka kando ya sinia. Kulikuwa na maandishi, muhuri, na chini kabisa alama ya dole gumba, zambarau, imekolea.

"Hili dole ni la mume wa Bibi. Aliweka mwenyewe."

Lway akatafsiri.

Bibi Mun alisogea kwa magoti. Hajui kusoma. Akainama juu ya lile dole gumba, pua yake karibu iguse karatasi, akalitazama muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya mtu wake.

Mzee Kam Tun utotoni aliwahi kuwekwa nyumba ya watawa. Kiburma hawezi kukisema, lakini herufi zetu anazisoma. Akaichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kidole chake kikatambaa kwenye mistari mpaka kwenye tarehe. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

Akamsomea Bibi Mun kwa lugha yao.

Bibi akainua uso. Hakuwa analia tena. Akasema jambo, akaonyesha ile picha ya ukutani, akahesabu kwa vidole vyake vyeusi: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba. Wazee wakaitikia kila kidole.

"Anasema nini?"

Lway alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi.

"Lway!"

"Anasema... tarehe hii ni ya mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi na moja uliotangulia, Aik Nyan alichukuliwa na askari kwenda kubebeshwa mizigo mpakani. Kijiji kizima kiliona. Alirudi mvua zimekwisha kuanza, miezi saba. Ndiyo maana alimwachia baba yako bustani. Hakuwepo, dada. Mwezi wa tatu hakuwa hapa, wala Kalaw, wala popote penye wino."

"Basi ni kosa la karani. Wamekosea tarehe."

Akatafsiri. Mzee Kam Tun hakubishana. Aliweka karatasi mbele yangu taratibu, akaweka ncha ya ukucha wake karibu na lile dole, bila kuligusa. Dole lilikuwa dogo. Jembamba. Limepita kovu katikati, mstari mweupe uliokata zambarau pande mbili, kama alama ya kisu cha jikoni kilichoteleza zamani.

Nilikijua kile kisu. Nililijua lile kovu. Limenifunga vifungo vya sare ya shule miaka kumi.

Na hapo ndipo nilipokumbuka. Sikutaka kukumbuka. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya mwezi wa tatu, baba na mama wamerudi kutoka milimani kwa basi la mchana. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo uani, hata kanga ya safari hajafungua, akaanza kusugua kidole gumba. Wino haukutoka. Akaniita nimletee ndimu. Nilimletea. Nikaikata mwenyewe, nikaikamua juu ya kidole chake, na nilipomuuliza amefanya nini akaniambia wamepiga kura.

Bibi Mun akauliza swali. Polepole, akinitazama mimi, si Lway.

"Anauliza," Lway akasema, akaacha, akaanza upya. "Anauliza kidole hiki ni cha nani."

  Nje, pikipiki ya Khun Awng iliwaka, ikaondoka, ikapotea kwenye kona.

"Sema chochote utakacho, dada," Lway akaniambia kwa Kiburma, taratibu, na ndani ya nyumba ile aliyemwelewa ni mimi peke yangu. "Cha kweli au cha uongo. Nitakitafsiri kama kilivyo."